Fahali Aliyegeuka Laptop

Gachoka, 12 Januari 2025

Kwa mke wangu mdogo, Rwamba,

Nakusalimu mimi mume wako mzee, ambaye meno yaliyobaki kinywani hayapatani, kila moja linatafuna kivyake. Huku tuko wazima, na wagonjwa ni wale wale wanaopona wakisikia kuna nyama. Mama yako Gladwell amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na siku hizi hata chai anaigawa kama anayehutubia. Baba yako Misheck bado ni mzee wa kanisa. Mimi niliyemzaa si mzee wa kitu chochote, ni mzee tu. Mvua ilikuja ikatusalimia, ikapita ikaenda Embu kwa watu wenye mabati mengi. Ndengu nusu tumevuna sisi, nusu wamevuna njiwa.

Umeniuliza kupitia mama yako kwa nini sipigi simu. Rwamba, mimi sikio moja limekufa na la pili linaumwa. Nikiongea kwa simu lazima Gladwell aiweke ile sauti ya juu, basi siri yako inasikika mpaka kwa kuku. Barua haisikiki. Darasa la nne niliacha kwa hiari yangu, mwalimu akiwa nyuma yangu na fimbo, lakini kuandika nilikuwa nimeshajua. Dereva wa gari la Meru ananichukulia bahasha bila maneno mengi.

Na wenzako wa chuoni wakiuliza kwa nini mzee anakuita mke, waambie una jina la cucu yako, nyanya yako mzaa baba, na mwenye jina ndiye mwenye mzee. Wakicheka, wanachekea desturi yao wenyewe, maana huko Meru pia wanafanya hivyo.

Sasa neno lenyewe. Nasikia unataka laptop. Misheck ameshachagua: mpya, nyembamba kama chapati ya hoteli, inang'aa. Nilimwuliza, "Pesa ni za nani?" Akasema, "Baba, tutasaidiana." Kusaidiana maana yake nimwuze fahali wangu Karani. Unamjua: nilimpa jina hilo kwa sababu anakula mchana kutwa na kazi yake haionekani. Sawa, Karani atauzwa. Lakini kama fahali ni wangu, laptop nitachagua mimi.

Kwa hiyo nifundishe. Mbuzi namshika mgongo, namfungua mdomo, namtazama mama yake. Laptop inafunguliwa wapi? Mama yake ni nani?

Ni mimi mume wako,
Nthiga


Nchiru, 25 Januari 2025

Kwa mume wangu Guka, babu yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na pole kwa njiwa. Mimi ni mzima. Huku Nchiru ni upepo na vumbi. Ukianika nguo nyeupe unaanua ya kahawia. Karimi, ninayeishi naye chumba kimoja, anatoka Timau kwenye baridi, analala dirisha likiwa wazi na anatuita sisi wote wagonjwa. Tunapika githeri ya mahindi na maharagwe Jumapili tunakula mpaka Jumatano. Ya Jumatano huwa tunaiombea kwanza.

Guka, asante kwa Karani. Nilisoma barua yako mara mbili nikacheka, ya tatu nikalia kidogo, usimwambie mtu.

Haraka yangu ni hii. Mwisho wa Aprili nitasimama mbele ya jopo la wahadhiri nionyeshe mradi wangu wa mwaka. Nisipouonyesha, narudia mwaka mzima. Mradi wenyewe ni programu ya kutambua mbuzi kwa sura. Unapiga picha ya uso wa mbuzi, kompyuta inasema, huyu ni fulani wa kwa fulani. Mbuzi akiibwa akapelekwa sokoni, anatambulika. Zile picha ambazo Mama amekuwa akipiga zizini kwako kwa simu ni za kazi hiyo. Sasa hivi nategemea kompyuta za chuo, na foleni yake ni kama ya kliniki. Laptop ya Karimi tulikuwa tukishirikiana, lakini iliibwa hosteli muhula uliopita, tukiwa tumeenda kuchota maji tu.

Ninayotaka ni tofauti na ya Baba. Nataka ya zamani, nene, nyeusi, zile zilizotumika maofisini ng'ambo zikaletwa huku zikauzwa. Zina mifupa. Ukifungua nyuma kwa bisibisi unaweza kuongeza kumbukumbu, kubadilisha betri, kila kitu. Ile nyembamba imegandishwa kwa gundi. Ikiugua sehemu moja, unaizika yote.

Na ndani yake nataka Linux. Huo ndio mfumo unaoiendesha mashine, kama roho. Baba anataka Windows kwa sababu ndiyo anayoiona ofisini kwa chifu. Si mbaya, lakini ile ukinunua ni kama umeuziwa mbuzi ukaambiwa: mfuge, mkamue, ila usimchinje uone ndani, usimpe jirani mbegu, usimbadilishe hata pembe. Linux unafungua, unaona utumbo wote, unabadilisha unavyotaka, unampa jirani nakala, na hakuna atakayekuja kukuuliza. Watu wengi duniani wameitengeneza pamoja na wanaendelea kuitengeneza. Ni kama mbegu za kunde za Cucu: zilitoka kwa huyu zikaenda kwa yule, kila mmoja akachagua zilizo bora akapanda tena.

Nimekutumia flashi ndani ya bahasha hii. Linux iko humo. Dukani mwambie muuzaji aichomeke, aiwashe mashine kutoka hapo. Haigusi kitu cha ndani, inaamka tu ujaribu. Tazama mambo haya: inashika mtandao? Inatoa sauti? Vitufe vyote vinaandika? Kumbukumbu isipungue GB nane. Ikikataa, usinunue hata ukiapiwa kwa Biblia.

Na tafadhali usimwambie Baba kwamba nataka iliyotumika. Atasema nimemwaibisha.

Mke wako,
Rwamba


Gachoka, 16 Februari 2025

Kwa mke wangu, mwenye kufuga mbuzi ndani ya kioo,

Mbuzi wetu Nyange amezaa mapacha, wote madume, wote na kelele. Gladwell amegombana na mke wa pasta juu ya sufuria ya kanisa. Sufuria imeshinda, haijarudi kwa yeyote. Misheck ana koti jipya la kaunda suti, akitembea nalo unasikia likisema fshi, fshi. Kuhusu programu yako nina neno moja: mimi mbuzi wangu nawatambua hata wakikohoa. Lakini endelea, serikali haijui kusikiliza kikohozi.

Karani ameuzwa. Alipanda gari la mnunuzi bila kugeuka nyuma, shenzi yule.

Basi Alhamisi tukaenda Embu, mimi na Misheck. Flashi yako niliifunga kwenye leso, leso nikaipachika shingoni ndani ya shati. Duka ni la rafiki yake anaitwa Muriithi, kijana ana ndevu zilizochorwa kwa rula. Tayari alikuwa ameiweka mezani ile chapati ya baba yako, imefunguliwa, inawaka rangi zote kama harusi.

Muriithi akasema, "Mzee, hii ndiyo baba yao. Ukimpa msichana hii, amemaliza."

Nikasema, "Baba yao nimemwona. Sasa nataka kumlisha." Nikaanza kufungua vifungo vya shati.

Misheck akaninong'oneza, "Baba, unafanya nini? Watu wanatazama."

"Watazame, nimeoga."

Nikatoa leso, nikafungua fundo kwa meno. Muriithi alipoona flashi akacheka. Akasema, "Mzee, wewe ni wa IT?" Nikamwambia, "Mimi ni wa Gachoka. Chomeka."

Akachomeka. Ile chapati ikafikiria, ikafikiria, ikaamka. Lakini mtandao ikakataa kabisa. Muriithi akagusagusa. Akasema kifaa chake cha mtandao ni kipya mno, Linux haijakijua. Misheck akasema, "Basi tatizo ni hiyo Linux!" Nikamwambia, "Misheck, mke akikataa chakula cha mama mkwe, unamfukuza mama mkwe?" Najua hakuelewa. Hata mimi nilipomaliza kusema sikuelewa vizuri, lakini ilinyamazisha duka.

Nikauliza, "Zile nene ziko wapi?" Muriithi akainama chini ya kaunta, kule wanakoweka vitu vya kuwaonea haya, akatoa jeusi moja zito kama jiwe la kusagia. Akachomeka. Rwamba! Iliamka kabla sijamaliza kupiga chafya. Mtandao ikashika. Sauti ikatoa, mtu akaimba kwa Kiingereza nikamwambia azime. Nikaandika jina lako kwa kidole kimoja, herufi zote zikatokea. Kumbukumbu nane, nilimwapisha. Nikaifunga, nikaifungua, nikaikunja masikio, nikainusa. Ilinuka ofisi.

Misheck akasema, "Baba, hii ni ya kuzuia mlango." Nikasema, "Basi mlango wa Rwamba hautafunguliwa na upepo." Nikanunua. Njia nzima Misheck hakuniongelesha, koti tu ndilo liliongea.

Itakufikia hivi karibuni. Nimesikia habari ya wezi wa hosteli, nami sikupenda. Kuna kazi ndogo nataka kuifanyia kwanza. Usiulize.

Mume wako mwenye akili,
Nthiga


Nchiru, 8 Machi 2025

Kwa Guka,

Salamu. Natumaini Nyange na mapacha ni wazima, na sufuria imepatikana. Mimi ni mzima.

Guka, barua yako niliwasomea wasichana wa hosteli, wakalala chini kwa kucheka. Lakini laptop haijafika. Nilidhani iko njiani. Nimeenda mara kadhaa pale wanapopokea mizigo mpaka karani wao ananiona tu anatikisa kichwa. Nikimpigia Baba anasema, "Muulize Guka wako." Nikimpigia Mama anasema yuko mkutanoni.

Mradi umefika mahali unahitaji mashine yangu mwenyewe iachwe ikifanya kazi siku nzima bila mtu kuniambia ondoka. Chuoni hawaniruhusu. Niambie imefika wapi.

Mke wako anayengoja,
Rwamba


Gachoka, 14 Machi 2025

Kwa mke wangu mpendwa sana,

Nakusalimu sana sana, na tena sana. Sijui kama nilikuambia, ndama wa Muchangi jirani yetu ameumwa na nyoka akapona, nyoka ndiye hajaonekana tena. Mvua kubwa imeanza vizuri, tumepanda ndengu na mtama, na Gladwell amepanda maua mbele ya choo, ati wageni wa kanisa wapendezwe. Pasta alihubiri Jumapili juu ya mwana mpotevu saa nyingi sana, ningekuwa huyo mwana ningerudi kwa nguruwe. Mapacha wa Nyange nimewapa majina, mmoja Gavana na mwingine Naibu. Naibu ananyonya kwa shida, Gavana ameshika matiti yote.

Afya yangu ni nzuri, isipokuwa goti, na mgongo, na hamu ya chakula.

Laptop haijambo. Inapumzika.

Nauliza tu, kama mtu anayeuliza njia asiyotaka kuipita: kile kifuniko chake cha juu, upande wa pili wake unaogusana na kioo, ndani kuna nini? Kuna kitu cha maana, au ni hewa?

Mume wako,
Nthiga


Nchiru, 19 Machi 2025

Guka,

Umefanya nini?

Sitaki habari za pasta. Sitaki Gavana. Nyuma ya kifuniko kuna kioo chenyewe, mara moja, hakuna hewa hata ya kuingiza ukucha. Kwa nini unaniuliza?

Itume jinsi ilivyo. Ijumaa hii, gari la Meru, na chaja yake.

Rwamba


Gachoka, 24 Machi 2025

Mke wangu,

Nimeituma. Nimeifunga kwa blanketi la cucu yako. Usiifungulie mbele ya watu.

N.


Nchiru, 30 Machi 2025

Kwa Mzee Nthiga,

Nakusalimu.

Mzigo ulifika. Nilikutii, nikaufungua chumbani nikiwa na Karimi peke yake. Nikaona blanketi, nikaona laptop nyeusi nene nzuri kama niliyoiota, na upande mmoja wa kifuniko chake nikaona mistari miwili iliyokutana kama manati, imezama ndani, plastiki imejikunja kandokando kama midomo.

Karimi akasema, "Hii ni kampuni gani? Sijawahi kuona hiyo alama."

Nikamwambia, "Hiyo si kampuni. Hiyo ni chapa ya ng'ombe wetu."

Akanitazama. "Ng'ombe gani?"

"Wote. Ng'ombe wote wa ukoo wetu, tangu zamani, wanachomwa hiyo paja la kushoto."

Mzee, wewe ulipasha chuma moto ukaichoma laptop.

Nikaiwasha. Iliwaka. Lakini kioo, upande wote wa kulia kumeenea doa jeusi kama wino uliomwagika, na saa ya pembeni, na vitufe vya kufungia kurasa, vyote vimezama humo. Nilikaa kitandani nikalia. Sikulia kwa kucheka, nakuambia ili ujue. Fundi wa Meru mjini alinitajia pesa ambazo mimi sina, na Baba nilimwogopa.

Kesho yake nilirudi nikatulia. Nikakumbuka nilichokuandikia mwenyewe, kwamba mfumo huu unabadilishwa unavyotaka. Nikatafuta, nikasoma walivyoandika watu wengine waliovunjikiwa vioo, nikaandika mstari mmoja wa amri. Nikaiambia mashine: shamba lako linaishia hapa, kuanzia pale ni mwamba, usipande kitu. Kioo kikapepesa. Kila kitu kikajisogeza kikajikusanya upande uliobaki mzima: saa, vitufe, kurasa zote. Doa likabaki peke yake kama shamba la mtu mwingine. Ni nyembamba, nafanya kazi kama mtu anayechungulia mlangoni, lakini ninafanya. Programu inasoma sura za mbuzi tangu juzi bila kupumzika.

Sasa jambo jipya. Jopo limesema picha hazitoshi, kila mwanafunzi anaweza kudanganya kwa picha. Wanataka mbuzi mwenyewe, aliye hai, kati ya wale ambao mashine inawajua, aletwe hapa tarehe 24 Aprili. Naomba Nyange. Picha zake ndizo nyingi zaidi.

Na ningependa kusikia kutoka kwako neno moja ambalo halimo katika barua zako zote. Unalijua.

Rwamba Misheck,
Mwaka wa Tatu


Gachoka, 6 Aprili 2025

Kwa mwanafunzi Rwamba Misheck wa Mwaka wa Tatu,

Ala! Tangu lini mke akamwandikia mumewe kama anayeomba barabara kwa diwani wetu, MCA? Nimeisoma mara nyingi hiyo "Mzee Nthiga". Ilinikaa kooni kama mfupa wa kuku.

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu useme unavyotaka. Jumapili watu wote walienda kanisani. Nikabaki, nikasema goti linauma. Nikawasha moto nyuma ya ghala, nikapasha chuma kile kile cha baba yangu. Hatujawahi kuibiwa ng'ombe mwenye chapa akapotea kabisa. Mnunuzi akiiona anajua kuna watu nyuma yake. Nikafikiri, hosteli ni nini? Ni zizi tu lenye vitanda. Nikailaza laptop juu ya gunia nililolilowesha maji, maana mimi si mjinga. Nikaiwekea goti ili isiruke. Ng'ombe nahesabu pumzi mbili. Hii nikahesabu moja, nikaihurumia.

Haikulia, Rwamba. Ng'ombe analia, unajua umefika. Hii ilinyamaza tu, ikatoa harufu kama soli ya kiatu. Nilipoinua chuma, kikaja na uzi wa plastiki mrefu kama jibini ya matangazo. Nikajua hapo hapo kwamba nimepita ngozi.

Misheck aliporudi akanusa kabla hajaona. Aliposhika kichwa, koti likasema fshi. Halafu, huyu mzee wa kanisa, akaniambia, "Turudishe dukani tuseme tulipewa hivi." Nikamwambia, "Tuseme Muriithi ana ng'ombe wa ukoo wetu?" Akaona haiwezekani, ndipo akatubu.

Mbuzi utaletewa. Atakuja na baba yako, kwa pikapu ya Muchangi ile ya kubeba muguka, yale majani ya kutafuna. Mimi siji, magoti hayataki lami. Nimemwambia Misheck, ulisema jeusi lile ni la kuzuia mlango, sasa nenda ukauone huo mlango. Atavaa koti.

Hilo neno lako moja nimelitafuta nyumba nzima sikulipata. Labda liliuzwa pamoja na Karani.

Nthiga,
Darasa la Nne


Nchiru, 27 Aprili 2025

Kwa Guka,

Salamu kwako na kwa Mama, na kwa Gavana na Naibu wake. Baba atakuwa ameshakueleza, lakini namjua, ataruka sehemu zote tamu. Kaa chini.

Walifika mapema. Niliwaona kutoka mbali kwa sababu wanafunzi walikuwa wamepanga mstari wakipiga picha: Baba na kaunda suti, viatu vinang'aa, kamba mkononi, na mbuzi mweupe nyuma yake akila tangazo la uchaguzi wa wanafunzi. Askari wa getini alimwuliza, "Mzee, huyu anaenda wapi?" Baba akajibu kwa ile sauti yake ya mimbarini, "Ana mtihani."

Tukaingia. Jopo watu watatu. Mwenyekiti ni Dakta Kobia, mtu asiyecheka, alianza kwa kuitazama laptop. Akauliza, "Hiyo alama ni nini?" Nikamwambia, "Ni chapa ya ukoo wetu, Dakta. Guka aliichoma isiibwe." Akauliza, "Na kwa nini unafanya kazi kwenye sehemu ya kioo tu?" Nikamwambia, "Kwa sababu Guka aliichoma isiibwe." Nikamwonyesha ule mstari wa amri. Akauandika kwenye karatasi yake, sijui ni kwa wema au kwa ubaya.

Kisha nikapiga picha ya mbuzi. Nikasema, "Huyu ni Nyange wa kwa Nthiga, Gachoka. Tazameni mashine itakavyomtambua." Nikabofya.

Mashine ikaandika: Karembo.

Nikapiga tena. Karembo. Nikampiga picha kwa ubavu, nikampiga akitafuna. Karembo, Karembo. Guka, jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole. Dakta Kobia akaweka kalamu chini. Akasema, "Binti, ulisema Nyange." Nikaona mwaka mzima unaondoka mbele ya macho yangu na kurudi mwanzo.

Ndipo Baba akasimama. "Naomba nafasi," akasema. "Nyange ana chuchu ya tatu, ndogo, upande wa kushoto. Nimemkamua tangu alipozaa, kwa sababu baba yangu anasema ana goti. Huyu Karembo ni dada yake, wanafanana sana."

Dakta akasema, "Mnaweza kuthibitisha?"

Baba akavua koti. Akalikunja, akanipa. Akapiga magoti juu ya sakafu ya chuo kikuu, mbele ya madaktari watatu, akaingiza kichwa chini ya mbuzi. Sauti yake ikatoka huko chini: "Mbili! Ni mbili tu! Mashine imesema kweli!"

Yule mwalimu wa kike kwenye jopo akaficha uso kwa faili. Dakta Kobia hakucheka, lakini alitoka nje kidogo, na tulimsikia huko nje.

Nimepita, Guka. Walisema mashine iliyomkosoa mwenye mbuzi imefanya zaidi ya walichoomba. Nimepita vizuri.

Baba aliniuliza tukiwa nje kama aninunulie ile mpya, ile nyembamba, maana Muriithi bado anayo. Nilimwambia hapana. Basi akasema atalipia kioo cha hii, fundi wa Meru ameshakiagiza. Anafungua skrubu chache, anatoa kilichoungua, anaweka kingine, jioni hiyo hiyo nitakuwa na kioo kizima. Kifuniko nimemwambia asikiguse.

Sasa nieleze: wewe unayewatambua kwa kikohozi, ulimpaje Baba mbuzi asiye yeye?

Mke wako,
Rwamba


Gachoka, 4 Mei 2025

Kwa mke wangu Rwamba,

Nakusalimu. Ndengu zimetoa maua. Misheck amesimulia mambo ya Nchiru kanisani kama ushuhuda, akaruka pale pa magoti. Nilisimama nikamsaidia, na Gladwell amenikataza ibada mbili. Nazipumzikia nyumbani kwa furaha.

Unauliza juu ya mbuzi. Rwamba, unafikiri mimi sijui mbuzi wangu? Nilimtoa Karembo kwa makusudi, kulikuwa bado na giza, nikampa Misheck kamba nikamwambia, "Nyange huyu." Nilitaka kuona kama hiyo mashine ina akili au inafuata maneno ya mwenye kamba. Haya ndiyo nitakayosema mbele ya chifu, mbele ya Dakta wako Kobia, na hata Siku ya Mwisho nikiulizwa. Ushahidi mwingine hakuna, maana Karembo hasemi.

Nimefurahi umepita. Nimemwambia kila mtu aliyepita njia hii, na wasiopita nikawafuata.

Lakini kuna kitu katika barua yako kimeniudhi sana. Umeandika kwamba kioo kinatolewa, kingine kinawekwa, kwa bisibisi, siku moja. Kwa hiyo kilikuwa kinatibika? Na mimi nimeteseka bure tangu Februari? Mwezi wa Machi wote chakula hakikushuka, Rwamba. Nilikuwa nikienda nyuma ya ghala kutazama mahali nilipowasha moto. Gladwell alidhani ni meno, akanipikia uji, nikaunywa kila siku nikiwa nimenyamaza, maana ningemwambia nini, kwamba nimemchoma mke wangu kioo?

Siku nyingine nikiharibu kitu chako, anza na habari ya bisibisi. Kulia kuje baadaye.

Mume wako,
Nthiga